Mkate Nilioula Siku ya Mwaka Mpya

Mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu katuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la simu. Dakika nne na nusu. Nimeusikiliza mtoto mdogo akiwa kiunoni, mkubwa analia kiatu hakionekani, na maharage yananuka kuungua. Kila mama, anasema, aje Jumapili ya kwanza ya mwaka na karatasi yenye azimio lake: atasali mara ngapi kwa siku, atafunga lini, atamtumikia Mungu vipi. Karatasi zitatiwa kwenye kapu lenye utepe, zitaombewa, halafu tutapigiana makofi. Mwisho kabisa akanitaja mimi. Eti kwa kuwa nilimaliza sekondari na mdomo ninao, nitoe neno la kutia moyo la kufungulia mwaka. "Fupi tu, mwanangu."

Haya. Neno lenyewe ndilo hili, na ufupi sikuuahidi.

Mimi maazimio yamenichosha. Nasema hivyo hivyo, anayetaka kununa anune. Kila Januari tunasimama mbele za Mungu tukiwa tumesuka vizuri, tunamwahidi mambo ambayo hata yeye, naamini, anatuangalia tu. Mwezi wa pili ukiingia hatujui hata karatasi ziliishia wapi. Makofi hayo mimi nilishapigiwa zamani, nikiwa na miaka tisa, nimevaa gauni jeupe lenye mikono ya puto. Nikueleze basi nilikuwa na nini tumboni wakati ule.

Tulikuwa tunakaa Mkunazini, mimi na bibi yangu mzaa mama, ghorofa ya kwanza ya nyumba ya mawe iliyokuwa inamwaga chokaa kila ukifunga mlango kwa hasira. Na milango yetu ilifungwa kwa hasira sana. Bibi alikuwa anafua kanzu za kwaya ya kanisa. Wazee wake walitoka bara, lakini yeye alizaliwa mjini humu humu, na Kiunguja chake kilikuwa cha kukupiga nacho kofi. Nyumba ilinuka sabuni ya mche, mkaa wa pasi na iliki. Mpaka leo nikipita mahali panapigwa pasi ya mkaa, miguu inasimama yenyewe.

Mtaa ule, waumini wa kanisa tulikuwa wa kuhesabika na Waislamu ndio wengi. Vyombo vilikuwa vinapita mlango kwa mlango kama vina miguu. Ramadhani, magharibi ikikaribia, utaletewa mbaazi za nazi, utaletewa uji wa pilipili manga, utaletewa kaimati zinazodondosha shira kwenye ngazi. Krismasi na Pasaka tunapeleka sisi. Na sheria ilikuwa moja, haikuandikwa popote wala haikuhitaji kuandikwa: chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiletewa pilau kwenye sahani, sahani ile itakaa kwako mpaka upike kitu cha kutia. Hata kama ni embe mbili. Hata kama ni chumvi. Kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mwenzio basi, yaishe, chakula chako sikitaki tena na wewe usiniletee.

Kwa hiyo mwaka mzima vyombo vya watu vilijikusanya kwetu kwenye kabati la wavu. Siku ya mwisho ya mwaka bibi anavitoa vyote sakafuni. Anavisugua kwa jivu na kumbi la nazi, anavigeuza kimoja kimoja kutazama alama ya mwenyewe chini, maana kila nyumba ilikuwa na alama yake, huyu tone la rangi ya kucha, yule herufi iliyokwaruzwa kwa msumari. Halafu asubuhi ya tarehe moja, tukitoka ibadani, kila chombo kinajazwa na mimi ndiye ninayevitembeza. "Mwaka haufunguliwi na chombo cha mtu ndani," bibi akisema. Hakuwahi kuandika azimio. Karatasi zake zote alikuwa anawashia moto wa mkaa.

Mlango uliotazamana na wetu, chini, alikaa jirani aliyekuwa shoga wa bibi tangu wote wana meno. Mjane, anashona kofia za viua, zile za kudariziwa kwa mkono, anakaa na sindano yake kwenye baraza kuanzia baada ya chai mpaka adhana ya alasiri. Walikuwa wanaongea bila kutazamana, bibi dirishani juu, jirani barazani chini, na mtaa mzima unasikia.

"Shoga, wewe leo unapika nini? Mbona naona moshi hauna harufu?"

"Shoga, pua yako imezeeka. Kamuone daktari."

Ndivyo walivyopendana.

Wakagombana wiki moja kabla ya Krismasi. Bibi alikuwa anafua kanzu za kwaya, na kanzu nyeupe hutiwa bluu ili ziwe nyeupe za kweli. Akamwaga maji ya bluu ngazini kama siku zote. Siku hiyo jirani alikuwa ametandaza vitambaa vya kofia kwenye mkeka chini, vipande alivyokwisha kuvishona nusu, kofia ya bwana harusi. Kazi ya miezi. Maji yakaingia kwenye mkeka kimya kimya. Alipoinuka kuvichukua, kofia ya bwana harusi ilikuwa na rangi ya mbingu upande mmoja.

Ningependa kukwambia bibi yangu, mwanamke wa sala, aliteremka akaomba radhi. Hakuteremka. Alitoa kichwa dirishani akasema, "Kwani nani kakwambia uanike njiani?" Na jirani, mwanamke wa sala vilevile, akamjibu, "Na Mungu wenu kakwambia ufulie kanzu zake kichwani kwangu?" Madirisha yakafungwa. Chokaa ikamwagika.

Wiki mbili hawakusemeshana. Krismasi ikapita bibi hakupeleka kitu, na nilimwona akisimama mbele ya sufuria ya pilau na mwiko mkononi, anafikiri, halafu anafunika. Lakini kwenye kabati la wavu lilikuwemo bakuli la jirani, bakuli pana la bati lenye maua mekundu, limebaki tangu mwezi mtukufu. Na mwaka ulikuwa unakuja.

Ndipo nilipojua kwamba desturi ile ilikuwa mlango wa nyuma. Bibi asingeweza kusema nisamehe, mdomo wake haukuumbwa hivyo. Lakini bakuli lilikuwa lazima lirudi, na lazima lirudi na kitu. Akaloweka mchele. Akausaga na tui zito, akatia sukari, hamira na iliki, akauacha uumuke. Alfajiri ya mwaka mpya akamimina kwenye sufuria, moto chini na makaa juu ya mfuniko. Mkate wa kumimina, laini kama shavu la mtoto, kwa sababu jirani alikuwa amebakiwa na meno manne. Bibi hakuwahi kupika mkate mzuri kama ule. Juu umekuwa wa kahawia, pembeni umejivuta mwenyewe kutoka kwenye sufuria. Akautia mzima kwenye bakuli la maua, akafunika kwa kawa jipya la ukili.

"Utakwenda kwake wa kwanza kabisa," akaniambia. "Mwambie bibi anakusalimu, anasema mwaka mpya. Basi. Usiongeze lako."

Tulikuwa tumetoka kanisani. Nilikuwa sijala tangu usiku, kwa sababu kwetu ibada ya asubuhi tulikwenda na njaa. Kuteremka ngazi, kuvuka njia, kugonga. Hatua kumi na tano. Lakini mlango wa jirani ulikuwa umefungwa, alikuwa bado hajarudi kutoka sokoni Darajani, na mimi badala ya kupanda juu nikakaa kwenye baraza lake kumngoja. Nikafunua kawa ili nione tu.

Mkate ulikuwa na kipande kidogo kilichochomoza pembeni, kibaya, kinaharibu mviringo. Nikakikata kwa kidole. Sasa upande ule ukawa umeingia ndani. Nikausawazisha kwa upande wa pili. Wewe unacheka, lakini nilikuwa nafanya kazi ya mikono kwa bidii. Kila nikisawazisha huku, kule kunazidi. Nilipokuja kushtuka, umebaki nusu, na nusu yenyewe imetafunwa kama iliyoliwa na panya.

Basi nikafikiri. Nilikuwa mtoto mwenye akili darasani, na ndiyo balaa lenyewe. Nikasema, nikipeleka nusu, ataniuliza nusu nyingine iko wapi. Nikipeleka bakuli tupu hataniuliza kitu, atajua limerudishwa tu. Nikaumaliza. Nikapangusa mafuta kwa kitambaa cha gauni, kwa ndani. Nikafunika kawa.

Jirani akaja na kikapu chake cha samaki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekaa juani?"

"Bibi anakusalimu. Anasema mwaka mpya."

Uso wake ulivyofunguka, sitausahau. Aliweka kikapu chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akapokea bakuli kwa mikono miwili. Akafunua kawa. Akatazama. Akaligeuza bakuli, akaitazama alama yake, akaligeuza tena kama mkate huenda umejificha chini.

"Kitupu?" akauliza.

"Naam."

"Na kasema nini bibi yako? Hebu rudia."

"Anasema mwaka mpya."

Hapo hata mimi nikasikia salamu ile, juu ya bakuli tupu, ilivyogeuka kuwa yaishe. Nilikuwa na nafasi ya kusema, msomaji. Nilikuwa na nafasi pana kama uwanja wa mpira. Nikalamba iliki kwenye meno.

"Haya," akasema jirani. "Mwambie nshapokea. Mwambie nshafahamu." Akaingia ndani na kufunga mlango taratibu, na huo ndio mlango wa pekee mtaani kwetu niliowahi kuona ukifungwa taratibu na ukauma.

Juu bibi alikuwa ananisubiri juu ya ngazi. "Kasemaje?" Nikamwambia, kasema kapokea, kafahamu. Bibi akatabasamu. Akakaa dirishani akingoja. Akangoja mpaka alasiri mtu amwite kutoka chini. Hakuitwa. Siku ya pili baraza lilikuwa tupu, jirani kahamishia kofia zake ndani, kwenye giza, na macho yake yale mabovu. Siku ya tatu bibi akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Hata ahsante? Mkate wangu mzima?" Wiki ikaisha akasema, "Basi. Nimeshafanya la kwangu," na jina la shoga yake likang'oka mdomoni mwake kama jino.

Jumapili ya kwanza ya mwaka ule, mwalimu wetu wa watoto alitupanga mstari mbele ya kanisa. Kila mtoto aseme mwaka huu atamfanyia Yesu nini. Mmoja akasema hatatukana. Mmoja akasema atamsaidia mama kuchota maji. Zamu yangu ikafika, gauni langu jeupe lina doa la mafuta kwa ndani, nikasema kwa sauti kubwa, "Nitakuwa mtoto mwema, nitawapatanisha waliogombana." Kanisa likalipuka makofi. Mwalimu akanipa peremende mbili. Bibi yangu, kwenye benchi la tatu, alifuta macho.

Ndiyo maana mwenyekiti akinitajia kapu la maazimio nazima simu. Nilipigiwa makofi kwa ahadi, wakati kilichotakiwa kilikuwa sentensi moja tu, fupi, hatua kumi na tano kutoka kitandani kwangu. Mkate niliula mimi. Maneno matatu. Sikuyasema. Nilisali, hilo nilifanya. Nilikuwa napiga magoti namwomba Mungu awapatanishe, yaani namtuma Mungu kazi yangu. Nikakariri mistari, nikaimba, nikaweka alama ya nyota kwenye daftari la mahudhurio. Mtoto mwema kweli kweli.

Januari ikaisha. Kaskazi ikakoma, masika yakaingia, dari ikavuja kwenye ndoo mbili, na bibi akawa anapika chakula kingi kuliko tunachoweza kula kwa sababu mkono wake ulikuwa haujui kupunguza. Kinachacha. Anamwaga.

Halafu siku moja, mvua imepumzika, nikarudi shule nikakuta mkokoteni mlangoni kwa jirani. Kitanda kimefunguliwa, godoro limeviringwa, makochi yamefungwa kamba. Binti yake alikuwa amekuja kumchukua akakae naye Tunguu, shamba, maana ngazi na baridi ya mawe vilikuwa vinamla magoti. Nikatazama juu. Dirisha la kwetu lilikuwa wazi kidogo, kiasi cha jicho. Bibi alikuwa anaona. Na hateremki.

Jirani alikaa kwenye baraza mara ya mwisho, buibui limeshafungwa, mfuko mapajani. Nikajua kwamba mkokoteni ule ukiondoka hakuna mwaka mpya mwingine. Nikaenda nikasimama mbele yake na begi la shule mgongoni.

"Mkate niliula mimi," nikasema.

"Mkate gani?"

"Wa mwaka mpya. Ulikuwemo kwenye bakuli. Wa kumimina. Bibi alikupikia wewe."

"Wote?"

"Naam."

"Peke yako?"

"Naam."

"Ulikuwa na iliki?"

"Ulikuwa nayo nyingi." Nikaanza kulia.

"Ee Mola wangu," akasema, na sikujua kama anacheka au anaugua. Halafu akainua kichwa, akapiga ukelele ambao mtaa ule ulikuwa haujausikia tangu Desemba. "Shoga! Shoga wee! Hebu teremka uone jini ulilolifuga!"

Dirisha likafunguka lote. "Kafanya nini?"

"Kala mkate wangu! Miezi minne mie nakulaani kwenye sala, kumbe mkate uko kwenye tumbo la huyu!"

Bibi aliteremka ngazi zile na magoti yake mabovu kwa mwendo ambao sikujua anao. Hakuvaa hata kandambili. Walinigombeza kwa zamu, mmoja akichoka anapokea mwenzake, bibi kashika sikio la kulia, jirani la kushoto. Kisha ghafla wakaniacha. Bibi akasema, "Shoga, ile kofia." Jirani akasema, "Kofia kitu gani? Bwana harusi mwenyewe alisema bluu imempendeza." Sijui kama ilikuwa kweli. Wakashikana mikono, wakakaa barazani, na mtu wa mkokoteni akaambiwa angoje, na akangoja.

Mimi nikaanza kumwomba bibi msamaha kwa maneno marefu ya kanisani. Akanikata. "Mimi usinisomee. Panda juu ukaloweke mchele." Nikaloweka. Mchele unalowekwa kwa saa ngapi, unajua mwenyewe. Mkokoteni ukatangulia na vitu, jirani akabaki. Nikasaga, nikakuna nazi, nikakata kidole, nikamimina. Mkate wangu ulikuwa umeungua chini, mbichi katikati, umelalia upande kama mlevi. Jirani akauchukua hivyo hivyo mpaka Tunguu, na binti yake baadaye alituambia aliula wote kwa ubishi.

Baada ya hapo walionana mara tatu. Naweza kuzihesabu. Mara mbili bibi alikwenda Tunguu, mara moja jirani alikuja mjini kwa daktari wa macho. Mwaka wa pili yake jirani akafa, na bibi alikaa na wanawake wa Kiislamu kwenye mkeka wa msiba siku tatu, ushungi kichwani, akila walichokula. Hakuniambia kitu juu ya miezi ile minne. Hakuwa na haja. Miezi minne yangu na yako ni kitu kidogo, tunaipoteza kwenye simu. Miezi minne ya vikongwe wawili waliobakiwa na michache, hiyo ndiyo niliyoikalia barazani asubuhi ile nikaisawazisha kwa kidole mpaka ikaisha.

Bibi naye hayupo sasa. Nyumba yetu ni ya wageni, ina taa za rangi, na kwenye baraza la jirani kuna chungu cha maua na kibao cha bei ya vyumba. Mimi naishi kwenye maghorofa, watu wengi kuliko Mkunazini yote, na chakula bado kinatembea, sikatai. Lakini kinakuja kwenye vikontena vya kutupa. Ukishakula unatupa. Huna cha kurudisha, basi huna sababu ya kugonga, na mtu anaweza kukununia miaka mitatu nyuma ya ukuta wako usijue, kwa sababu hakuna bakuli lake kabatini la kukusuta.

Kwa hiyo, akina mama wenzangu, kama mwaka huu mnataka kuiishi imani, mimi siwapi siku za kufunga wala idadi ya sala. Tafuteni ile sentensi moja ya maneno matatu ambayo mnamwomba Mungu awasemee. Kila mmoja anayo. Mwenye mlango wa kugongwa anajulikana. Semeni kabla mkokoteni haujafika, kwa sababu unafika, na haugongi. Na mkikosa ujasiri, kalowekeni mchele kwanza, ujasiri utakuja unapoumuka.

Mimi yangu ya mwaka huu nshaisema, kwa wifi yangu, juzi, nikiwa na mtoto kiunoni. Haikupokelewa vizuri. Kanambia maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu neno hili litasomwa kanisani. Nitarudi tena Jumamosi. Na nikikutana nawe mlangoni ukaniambia heri ya mwaka mpya, usikasirike nikitazama kwanza mikono yako, kama imebeba chombo. Halafu natazama yangu.